Valvu Iliyokufa Sunniva Akiwa Baharini

Watu wa kisiwa chetu huogopa bahari. Mimi, ukitaka ukweli, naogopa redio yangu mwenyewe. Nimeongea nayo na nusu ya dunia, lakini sijawahi kufungua mfuniko wake bila kusita. Ndani ya lile sanduku la bati, kwenye kona ya nyuma, kuna kijumba chenye matundu, na humo unakaa umeme wa volti mia nane. Hata ukichomoa waya ukutani, umeme huo hauondoki. Unajibanza kwenye kapasita, kikopo kinachotunza umeme, na kungoja mkono wa mtu. Torleiv, mwenzetu wa chama cha redio ya ridhaa, sisi tunaoongea hewani kwa kupenda tu, tulimzika kwa sababu ya kijumba kama hicho, naye alikuwa anajua kazi kuliko sisi sote.

Kwa hiyo Jumapili ile ya Oktoba, nilipobonyeza kitufe cha kipaza sauti na sindano ya mita ikabaki imelala palepale, nilikitazama kile kijumba. Nilijua kitakachofuata.

Binti yetu Sunniva alikuwa peke yake baharini, anarudi kutoka Shetland kwa mashua ya tanga ambayo ukinyoosha miguu ndani yake unagonga pande zote mbili. Nilimwambia msimu wa tanga umekwisha. Akanijibu kwamba msimu wangu mimi ndio umekwisha. Amerithi ulimi wa mama yake, kwa bahati mbaya. Kila saa kamili alikuwa anawasha redio yake kwa dakika chache, tunasalimiana, anazima ili asimalize betri. Redio yake nyingine, ile ndogo ya kuongea na meli na bandari, ililowa njiani ikafa. Hii aliyobaki nayo inasikia masafa yetu sisi wa ridhaa tu. Hata kituo cha pwani kingemwita mpaka kesho, yeye asingesikia kitu.

Tulikuwa na kanuni yetu. Anapokaribia kisiwa, mara nyingine mlima unameza sauti yangu, basi tulikubaliana kwamba kimya changu maana yake ni njia nyeupe: apite mlango wa Trongsund, ule mwembamba ulio kati ya kisiwa chetu na mwamba wa Skarven, mpaka gatini. Nikiwa na la kumkataza, nitasema. Nisiposema, apite.

Na Jumapili hiyo nilikuwa na la kumkataza. Jirani yetu Ragnvald alikuja wakati tunakula, maji yanamchuruzika kwenye kofia, akakataa hata kukaa.

"Vizimba vya samaki vimekatika," alisema. "Dhoruba ya jana imevibeba vyote mpaka Trongsund. Nyaya za chuma zimetanda toka upande huu mpaka ule, chini kidogo tu ya maji. Huzioni mpaka umeshanasa. Msichana wenu yuko wapi?"

"Anakuja," alisema mke wangu Gudveig.

"Basi mwambieni akae mbali. Chombo cha uokoaji kimeenda kusini, kuna meli imezima injini. Mimi siwezi kutoka na maji haya, na simu zimekatika kisiwa kizima."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, saa tisa nitaongea naye. Nilisema hivyo huku natafuna kiazi.

Saa tisa ikafika. Sauti yake ilikuja safi kama yuko jikoni.

"Baba, hapa Sunniva. Nimekuita, kimya. Aliyenijibu hewani ni Mjerumani mmoja tu, kanisifia sauti na kunitakia Jumapili njema. Mnara wa taa wa nje nauona. Upepo uko nyuma yangu, unanisukuma kupita kiasi. Nimelowa mpaka mfupa na sijalala. Nitaita tena saa kumi. Usiponijibu, basi kama kawaida, napita Trongsund niwahi kabla ya giza. Mwambie mama anywe kahawa yote, mimi nataka supu."

Nikabonyeza, nikasema, nikasema tena. Sindano haikutikisika. Yeye akaaga, akazima.

Gudveig alikuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Mbona hukumjibu?"

"Redio haitoi."

"Haitoi vipi? Si imeongea sasa hivi?"

"Inasikia. Haisemi."

"Kama wewe, basi," alisema, lakini midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe.

Nilianza na yale yasiyouma. Sisi wenye redio za zamani ni mabahili: tukiwa tunasikiliza tu, tunazima moto wa valvu mbili kubwa, zile chupa za kioo zinazorusha sauti hewani, ili zisichakae. Asilimia kubwa ya watu wanaolia kwamba redio imekufa wamesahau swichi hiyo. Nikaitazama. Ilikuwa imewashwa. Nyuma kuna plagi isiyounganishwa na kitu chochote, kazi yake ni kukamilisha njia ya moto wa valvu hizo. Mtu akiitoa kwa kufagia vumbi, mambo yamekwisha. Ilikuwa mahali pake. Nikazima taa ya chumba, nikachungulia kwenye matundu ya mfuniko. Valvu zikiwa hai, unaona wekundu mdogo wa makaa. Mle ndani kulikuwa giza tupu.

Zote mbili, giza. Hizo valvu zimeunganishwa kama taa za zamani za mti wa Krismasi, moja ikifa inaizima na mwenzake. Kwa hiyo moja imekufa, na iko ndani ya kijumba. Sikuwa na pa kukwepea.

"Leta ufagio," nilimwambia Gudveig.

Hakuuliza wa nini. Kila mke wa mwanaredio anaujua ufagio huo. Kwetu hatufungui umeme mkubwa tukiwa peke yetu. Lazima awepo mtu na mpini wa mti mkavu, umeme ukikushika akupige ubanduke. Akija kukuvuta kwa mkono, mnakwenda wawili. Torleiv siku ile alikuwa peke yake.

"Nikupige wapi?" aliuliza.

"Popote. Ila usiniguse."

"Nimeingoja siku hii tangu harusi," alisema, akaushika ufagio kwa mikono miwili.

Nikachomoa waya ukutani. Nikafungua skrubu za mfuniko, moja ikaanguka ikabingirika chini ya meza, nikaiacha. Nikafungua kijumba. Mkono wa kushoto nikauingiza mfukoni, maana umeme ukiingia mkono huu na kutokea ule, moyo uko katikati ya njia. Kwa mkono wa kulia nikashika bisibisi ndefu niliyoifunga waya unaokwenda kwenye bati la redio. Ncha yake ukiigusisha pale umeme ulipojificha, unamwagika wote kwenye bati. Kitabuni ni sentensi moja tu.

Mkono wangu ulikataa. Sisemi kwa kupamba. Niliuamuru uende nao ukabaki hewani. Jasho liliingia machoni. Niliona uso wa Torleiv, si alivyokuwa hai. Nikawaza kwamba nikifa hapa, Gudveig atabaki na maiti miguuni na redio bubu mezani, na Sunniva atapita Trongsund vilevile.

"Oddmund," alisema Gudveig nyuma yangu, taratibu kabisa. "Mtoto anakuja."

Nikasukuma bisibisi. Ikalia paa, cheche ya buluu ikaruka, Gudveig akanitandika ufagio begani kwa nguvu zake zote.

"Bado, mwanamke."

"Nilidhani."

"Umenivunja bega."

"Afadhali bega. Endelea."

Nikagusa tena, na tena, mpaka ikawa haitoi hata cheche. Nikaingiza vidole kijumbani. Nikaizungusha valvu ya kwanza kwenye soketi, ikatoka, ilikuwa nzima. Ya pili ilipotoka niliona mara moja. Kichwa cha kioo, ambacho kwa kawaida hung'aa kama kijiko, kilikuwa cheupe kama maziwa. Kikigeuka hivyo, kioo kimepasuka na hewa imeingia. Usiku uliotangulia upepo uliangusha waya wa antena nami sikujua. Nikaendelea kupiga gumzo, na nguvu yote ikarudi kuzichoma valvu zangu. Asubuhi niliupandisha waya, redio ikaongea, nikaridhika kwamba kazi imekwisha; kumbe kioo kilikuwa kimeshapata ufa.

Valvu ya akiba nilikuwa nayo moja, kwenye kopo la biskuti, imefungwa pamba. Si mpya. Niliitoa mwaka uliopita kwa sababu ilikuwa inapata moto vibaya: ukiongea sana, bamba la chuma lililo ndani yake linaiva wekundu, na likiiva kabisa ndiyo kwaheri. Dukani wangeweza kuniletea nyingine kwa meli ya Alhamisi. Nikaichomeka.

Nikarudisha waya ukutani, mfuniko nikauacha wazi. Valvu zikaanza kupata wekundu kidogokidogo, zote mbili. Gudveig akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Valvu tofauti zikiwekwa pamoja lazima uzilinganishe kwanza, uzungushe vifundo vya redio mpaka zikubaliane, vinginevyo zinachomana. Na sisi hatulinganishi hewani. Mluzi wa mtu anayelinganisha redio unawakera wote walio kwenye masafa, na ukifanya hivyo kwetu utasemwa mpaka kwenye mkutano mkuu wa chama. Tunatumia balbu. Ukutani nina swichi ya kuzungusha: upande huu waya wa antena, upande ule balbu ya kawaida iliyowekwa rafuni, ambayo inakula nguvu yote isitoke nje ya chumba. Nimefanya hivyo mara zisizohesabika, mkono unakwenda wenyewe. Ukaenda. Nikazungusha vifundo, balbu ikawaka, sindano ikapanda. Bamba la ile valvu mbovu lilikuwa jeusi bado.

"Imepona?" aliuliza Gudveig.

"Imepona."

Saa ya ukutani ikagonga kumi.

"Sunniva, Sunniva, hapa Baba. Usiingie Trongsund. Narudia, usiingie Trongsund. Kuna nyaya za chuma chini ya maji. Geuka, rudi nje, kaa mbali. Nijibu."

Nikaachia kitufe.

Kimya. Nikarudia yote, polepole, kila neno peke yake. Nikaachia. Kimya kilekile. Mtu mwenye akili zake angejiuliza mbona hata ile mikwaruzo ya siku zote haipo, kwa maana redio isiyo na mikwaruzo haijaunganishwa na mbingu. Mimi niliyefundisha nusu ya vijana wa chama sikujiuliza. Nilisikia kimya cha kaburi nikakiamini. Nilijua ameshafika Trongsund. Niliona nyaya zimeukamata mkuku, uti wa chini wa mashua, mawimbi yanaikunja, na yeye na lile koti lake la njano. Nikamwita tena na sauti ikanikatika, nikawa nalia kwenye kipaza sauti kama mtoto, na sikuona aibu.

"Oddmund," alisema Gudveig.

"Amekwenda, Gudveig. Amekwenda."

"Oddmund, mbona ile balbu inawaka ukiongea?"

Niligeuka. Nikasema "nini," kitufe kikiwa kimebanwa bado, na balbu rafuni ikawaka. Nikanyamaza, ikazimika. Maneno yangu yote, nyaya, Trongsund, rudi nje, nilikuwa nimeyaambia balbu.

Nilirukia swichi ya ukutani nikaipiga upande wa antena. Mikwaruzo ikajaa chumba, na katikati yake sauti ya mwanangu, imechoka, inamalizia.

"...nimekuita mara tatu, Baba, basi sawa. Mlango nauona. Nageuza sasa, nitahitaji mikono yote miwili. Nazima redio. Tuonane gatini."

Anapoongea hawezi kunisikia. Ni mmoja mmoja. Nikangoja aachie, na ule muda wa kungoja sitausahau. Alipoachia tu nikabana.

"Usizime. Sunniva, usizime. Usiingie Trongsund, kuna nyaya. Usizime."

Mikwaruzo. Nikasema tena. Mikwaruzo. Gudveig alikuwa ametupa ufagio, amenishika mabega kwa mikono miwili, ingawa nilimkataza asiniguse. Nilimsikia ananong'ona jina la mtoto, si kwangu wala kwa redio. Ndani ya kijumba bamba la valvu mbovu lilikuwa limeanza kuiva kwenye kona moja, wekundu wa sigara. Nikasema tena. Hata kama amezima, ningesema mpaka kitu kiungue, mimi au valvu.

"Baba?"

Gudveig alikaa chini sakafuni.

"Baba, ni wewe? Vidole vimekufa ganzi, nahangaika na swichi hii siwezi kuigeuza. Umesema nyaya?"

"Nyaya za chuma, Trongsund yote. Geuka sasa hivi. Kwanza geuka, halafu uniambie."

Akapotea. Tulisikiliza mikwaruzo ile kama watu wanaosikiliza daktari. Aliporudi alikuwa anahema.

"Nimegeuka. Nimeviona, Baba. Maboya ya vizimba. Yalikuwa pale mbele. Sasa niende wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa ninachomwambia. Gati letu halina njia nyingine, na bandari ya pili ilikuwa upande upepo unakotoka, asingeweza kuifikia. Redio ya taifa ilikuwa imesema upepo utalegea alfajiri, wala si mapema zaidi. Ilikuwa inaanza kuwa giza.

"Nje," nilisema. "Rudi nje kwenye maji mengi. Kunja matanga, ujifunge kamba, ungoje. Alfajiri utalegea."

"Huko nje."

"Ndiyo."

"Nimetoka huko, Baba. Wewe hujui kulivyo."

"Najua."

"Hujui." Sauti yake ilikuwa ya msichana mdogo, nami sikuwa nimeisikia sauti hiyo tangu aanze shule. "Sawa. Nageukia nje. Lakini usiniache. Sizimi redio, betri ikiisha na iishe. Ongea nami nisilale."

Nikaangalia kijumbani. Wekundu ulikuwa umefika nusu ya bamba. Nikamwambia ukweli, kwamba nina valvu moja mgonjwa, nikiongea sana itakufa, na sauti yangu ikifa hewani hatakuwa na wa kumwonya tena. Yeye aongee, mimi nitasikiliza, na kila mara nitamgongea kwa ufunguo wa mosi, kidude cha kupiga herufi kwa milio mifupi na mirefu, herufi moja: fupi, ndefu, fupi. Nimepokea. Alijifunza hiyo akiwa na miaka sita, kwa kijiko mezani.

Basi akaongea. Alisimulia mawimbi, akaacha. Akasimulia chumba chake cha Bergen na mwenye nyumba anayeiba maziwa. Akasimulia kijana mmoja ambaye mimi na mama yake hatukuwahi kumsikia, Gudveig akaniangalia kutoka sakafuni. Nikagonga: nimepokea. Mara nyingine maneno yalikatika katikati, kishindo, na sisi wawili hatukupumua mpaka aliporudi. Nimepokea. Bamba likiiva naacha, likipoa nagonga. Nilikuwa na mwanangu mwisho wa kidole changu, na kidole hicho hakikuwa na neno lingine.

Kisha akakatiza masimulizi yake.

"Baba," alisema. "Nikuulize kitu. Hapo ulipo, unaogopa?"

Kidole kilikuwa tayari juu ya ufunguo. Gudveig akatikisa kichwa. Fupi, ndefu, fupi: lingekuwa jibu gani hilo? Nikauacha ufunguo, nikachukua kipaza sauti, nikatazama lile bamba linavyowaka.

"Naogopa, mwanangu," nilisema. "Naogopa tangu saa tisa. Mikono yangu haitulii. Mama yako amekaa chini kwa sababu hawezi kusimama."

Bamba likakaribia kuiva lote. Nikaachia kitufe, likaanza kupoa.

"Afadhali," alisema Sunniva, na nikamsikia analia na kucheka pamoja. "Nilidhani niko peke yangu huku."

Akaendelea kusimulia, nami nikawa nagonga. Upepo ulilegea kulipopambazuka, kama redio ya taifa ilivyosema, naye akiwa bado anasimulia.